Chupa ya Dawa ya Panya

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya vizimba vya panya, na panya wote walikuwa wazima.

Hilo ndilo lililomshtua kwanza Inspekta Mwanne alipoingia chumba kile, Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi. Panya weupe, wadogo wa kuenea kiganjani, walikuwa wakikimbia, wakila, wakijikuna masikio. Mtu aliyewalisha kwa miaka minne alikuwa sakafuni, povu limemkauka mdomoni, vidole vimeshika mguu wa meza kama anayetaka kuinuka.

"Anaitwa Zabron," alisema Sajenti Deogratias. "Miaka arobaini na moja, mtunza panya. Kesi nyepesi, afande. Kajiua."

"Umejuaje?"

Sajenti alionyesha mezani kwa kalamu. Palikuwa na kikombe cha plastiki na chupa ya kioo iliyobaki nusu, maji yake ya rangi ya kahawia. Kwenye chupa kulibandikwa karatasi, na juu yake maneno matatu kwa wino mwekundu, herufi kubwa: DAWA YA PANYA.

"Kanywa dawa ya panya," alisema Deogratias. "Nimeshaandika."

Inspekta Mwanne alisogelea meza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye kawaida ya kusimama mahali pamoja na kutazama mpaka wenzake waanze kuchoka. Aliinama akanusa kikombe, akavuta pua nyuma haraka.

"Nani alimkuta?"

"Daktari, mkuu wa hapa. Yuko nje."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, pale Magomeni, mjini Kilosa. Majirani waliijua kama nyumba ya panya. Kibao cha mlangoni kilisema ni kituo cha utafiti wa dawa za asili. Walifanya kazi watu watatu tu: Daktari Bonifas, fundi wa maabara aliyeitwa Naomi, na marehemu.

Daktari Bonifas alikuwa mrefu, mwenye miwani, na asubuhi ile alikuwa amefunga vifungo vya shati upande.

"Daktari, humu mnafanya nini hasa?"

"Tunajaribu tunda la mwegea. Wazee wa huku wanasema linatibu malaria. Tunalichemsha, tunalichuja, tunawapa panya tuliowapandikiza vimelea. Halafu tunaangalia nani anapona."

"Malaria hiyo inampata mtu?"

"Hapana. Ni ya panya peke yao."

"Na wanapona?"

Macho ya daktari yaling'aa. "Wanapona, inspekta! Leo siku ya kumi na tisa. Kundi A tuliwapa maji matupu, wamekufa wote kumi. Kundi C tuliwapa dawa ya hospitali, wote wako hai. Kundi B ndio wa tunda. Wanane kati ya kumi wako hai. Wanane! Nimeshawaandikia wakubwa zangu, tuombe ruhusa ya kuanza na watu..." Akakumbuka kilicholala mlango wa pili.

"Kwa hiyo hapa kwenu, dawa ya panya ni ya kuwaponya panya."

"Ndiyo."

"Na huko nje ya ukuta, ukiniambia dawa ya panya, naelewa sumu."

Daktari aliigeukia chupa kupitia mlangoni. Alikunja uso. "Lakini sisi hatuandiki hivyo. Chupa zetu zina herufi tu. A, B, C. Hata mtunza panya hatakiwi kujua ipi ni ipi, asije akapendelea kundi. Hii karatasi sijawahi kuiona."

Inspekta alivaa glavu, akabandua karatasi ile nusu, taratibu. Chini yake ilikuwepo karatasi nyingine, ya zamani, imechakaa kwa maji. Herufi moja. B.

"Sajenti, futa ulichoandika."

"Afande?"

"Mtu wa humu ndani hahitaji kuandikiwa maneno haya, na mtu anayetaka kufa habandiki karatasi kwanza. Aliyeandika hivi alituandikia sisi. Alijua polisi wakija watasoma kama ulivyosoma wewe."

Deogratias aliiangalia kalamu yake kama imemng'ata.

Naomi aliletwa akiwa analia. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mpole, kitambaa cheupe kichwani.

"Zabron ni kaka yangu katika Bwana," alisema. "Tunaimba kwaya moja."

"Pole sana. Una familia, Naomi?"

"Sina mtoto, afande. Naishi peke yangu."

"Jana alikuwaje?"

"Mnyonge. Alisema amechoka na dunia."

"Funguo za chumba cha panya anazo nani?"

"Yeye na mimi. Daktari ana ya ofisi tu. Ila leo mimi nimefika saa mbili na nusu, nikakuta watu wameshajaa."

"Hiyo chupa unaijua?"

Naomi aliitupia jicho, akaliondoa haraka. "Ni sumu ya panya. Sijui aliitoa wapi."

Inspekta Mwanne aliitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamwacha aende. Lakini jibu lile alilibeba.

*

Nyumbani kwa marehemu, mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Mkewe, Grace, alikuwa amekaa chumbani na watoto watatu. Mkubwa aliitwa Goodhope, kwa hiyo mtaa mzima walimwita Mama Goodhope. Hakuwa analia. Alikuwa mkavu kama aliyechomwa jua.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Pole kwa msiba."

"Sijapoa. Sajenti wako kamwambia kila mtu mume wangu kajiua. Mwinjilisti wetu amekuja hapa, amesimama pale mlangoni, hakuketi hata. Kasema hawezi kumwombea mtu aliyejitoa roho mwenyewe."

Inspekta alivuta kigoda, akakaa. "Na ukoo?"

"Ukoo ndio umeniua zaidi. Wanazika Kisanga, kwao. Shemeji zangu wamesema hatalala pamoja na baba zake. Watamchimbia pembeni, kule shamba linakoishia, bila wimbo, bila neno. Na hawa watoto, afande, watakua wakionyeshwa kaburi la peke yake. Baba yenu yule pale, aliyejiua."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mume wangu alikuwa na homa tangu Jumamosi. Jana jioni kaniambia, Mama Goodhope, kesho nikimaliza kuwalisha panya napitia hospitali nipimwe malaria, unifulie shati la bluu. Shati lile pale kwenye kamba. Mtu aliyepanga kupimwa mchana, anajiuaje asubuhi?"

Inspekta alilitazama shati. Lilikuwa limeshakauka.

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Ugomvi hapana. Alikuwa na jambo. Alisema kuna kibaya amekiona kwenye vizimba, na amempa mhusika nafasi aseme mwenyewe kwa daktari mpaka Jumanne. Nikamuuliza nani. Akasema, nikimtaja nitakuwa nimemsengenya."

"Jumanne ndiyo leo."

"Ndiyo leo." Grace alimshika mkono. "Mazishi ni keshokutwa, Alhamisi, saa saba mchana. Nipatie jibu kabla ya hapo, dada yangu. Akishafukiwa pembeni, hakuna atakayekubali kumfukua."

*

Jumatano saa mbili asubuhi daktari wa mochwari alikuwa amemaliza.

"Tazama mboni zake," alisema. "Zimekuwa kama tundu la sindano. Mapafu yamejaa maji. Na nusa hapa."

Harufu ilikuwa kama ya mafuta ya taa.

"Dawa ya panya?" aliuliza Deogratias, safari hii kwa sauti ndogo.

"Hapana. Zile tunazoziona sana hapa humchukua mtu siku kadhaa, na huvuja damu ndani. Huyu alikufa jana kwenye saa kumi na mbili asubuhi, hajamaliza hata saa moja tangu anywe, na hana damu iliyovuja. Hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya kuua kupe. Sampuli zinakwenda kwa mkemia wa serikali, lakini kwa mkono wangu naandika hivyo."

Nje, sajenti alipiga kiganja kwa ngumi. "Wafugaji, afande!"

"Wamefanya nini?"

"Si dawa yao hiyo?"

"Na wewe una jembe nyumbani. Umemzika nani?"

Deogratias alicheka kidogo kwa aibu, akawasha gari. Karatasi ilisema dawa ya panya, na ndani ya chupa mlikuwa na dawa ya kupe. Sasa hata uongo wenyewe ulikuwa haujakaa sawasawa. Katika watu wa nyumba ile, mmoja tu alifuga ng'ombe. Daktari Bonifas alikuwa na wanne wa maziwa, nyumbani kwake Mikumi.

Walipita kijiji cha Ulaya, vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Njiani inspekta alimpigia simu askari wa barabarani wa Mikumi. Jibu lilikuwa fupi: Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, gari la daktari lilisimamishwa pale mjini kwa taa mbovu. Alikuwemo mwenyewe. Basi asingeweza kuwa Magomeni wakati Zabron anakata roho.

Mke wa daktari, Siwema, aliwapokea bandani, ndoo mkononi.

"Shikamooni. Karibuni, mtanisamehe kwa matope."

"Marahaba. Mama, dawa ya kuogeshea ng'ombe unaiweka wapi?"

Aliwaonyesha. Kopo lilikuwa juu ya rafu, kifuniko kimefungwa vizuri.

"Nani anaigusa zaidi yako?"

"Mimi tu. Mume wangu hata harufu yake haiwezi." Akafikiri. "Labda Naomi, yule binti wa kazini kwao. Alikuja Jumapili baada ya ibada kuchukua gunia la matunda. Bado alikuwa na sare ya kwaya. Akaniomba kidogo kwenye chupa ya maji, mbuzi wa bibi yake kule Mvumi wamejaa kupe. Nikampimia mwenyewe."

Inspekta Mwanne alitoka nje, akampigia simu mwenyekiti wa kijiji cha bibi yake Naomi.

"Bibi yake Naomi?" sauti ilisema. "Tulimzika mwaka jana, afande. Mbuzi gani tena? Hata boma lenyewe limebomoka."

Aliporudi bandani na kumwambia, Siwema aliachia ndoo, akakaa chini palepale kwenye matope.

"Nilimpimia mimi," alisema. "Yesu wangu. Nilimpimia mimi, na nikamwambia aniombee."

Kwenye gari, walipovuka daraja, Deogratias alisema:

"Yule Naomi mpole? Afande, jana alinipa maji ya kunywa."

"Ukanywa?"

"Nilikunywa glasi mbili." Akajishika tumbo.

"Basi kama mpaka leo u mzima, endesha."

*

Sumu ilishajulikana ilikotoka. Kilichobaki ni sababu. Inspekta alimkuta Daktari Bonifas chumba cha panya, akamsimamisha mbele ya vizimba.

"Daktari, panya hawa wote ni weupe, wote sawa. Mnawajuaje mmoja mmoja?"

"Kwa mikia. Kila panya ana mistari ya wino mkiani. Wino unafifia, kwa hiyo Zabron alikuwa akiirudia kila siku ya tatu."

"Kwa wino gani?"

"Bluu."

"Nionyeshe mkia wa C."

Daktari alimtoa panya mmoja, akamshika mkia kwa vidole viwili. Mistari ya bluu ilikuwa minene, rangi juu ya rangi, mpaka ngozi imekuwa nyeusi.

"Sasa wa B."

Wawili wa kwanza walikuwa hivyo hivyo. Wa tatu, mkia wake ulikuwa safi, wa waridi, na juu yake mistari myembamba iliyopakwa mara moja tu. Ilikuwa myekundu.

Daktari alimrudisha. Akamtoa mwingine, na mwingine. Panya sita walikuwa na mikia mipya.

"Wino mwekundu unatumiwa na nani?"

"Naomi. Anajazia fomu za damu."

"Na panya wa akiba, wasioguswa, mlikuwa nao wangapi?"

"Ishirini na wanne."

Walihesabu pamoja. Kumi na wanane.

Daktari Bonifas alivua miwani. Alionekana kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. "Basi wawili ndio wamebaki," alisema polepole. "Wanane wamekufa. Sita katika hao amewaondoa na kuweka wazima. Tunda halikutibu chochote. Inspekta, nimeshaomba ruhusa ya kuwapa watu! Watoto wa shule!" Akaegemea ukuta. "Lakini kwa nini? Utafiti ni wangu. Ungeshindwa, ningeaibika mimi. Yeye angepungukiwa nini?"

Jibu la swali hilo ndilo inspekta alilolifuata msibani.

Alifika nyumbani kwa marehemu saa kumi na moja jioni. Wanawake walikuwa wengi, uji ukichemka jikoni. Naomi alikuwa katikati yao, amejifunga kanga, anagawa vikombe. Alimpelekea Grace kikombe chake, akampulizia ili kipoe. Inspekta Mwanne alitaka kuvuka mikeka yote akipige kile kikombe kimwagike. Lakini Grace alikinywa, na kilikuwa uji tu.

Karibu na inspekta aliketi mama mmoja mzee, Filomena, jirani wa siku nyingi. Mama huyo alipaza sauti kuelekea jikoni:

"Mama Mathayo! Hebu tuletee na maji huku!"

Naomi aliinua kichwa. "Naam, mama, naleta."

Inspekta alisogea. "Shikamoo, mama. Mama Mathayo ni yupi?"

"Marahaba, mwanangu. Si huyo Naomi?"

"Mbona aliniambia hana mtoto?"

"Sasa atasemaje? Hana kweli. Alikuwa naye mmoja, Mathayo, kitoto kizuri hicho, mkorofi, kimemaliza kuku wangu kwa mawe. Alifariki mwaka juzi, masika. Miaka mitatu tu. Lakini jina la mtoto halimtoki mama, bwana. Utamvuaje?"

"Aliugua nini?"

"Homa. Malaria." Mama Filomena alishusha sauti. "Ila hakupelekwa hospitali mapema. Bibi yake alisema kuna tunda. Wakampa tunda siku nne. Walipomfikisha hospitali, keshakata kauli."

Inspekta Mwanne alikaa pale, mikono mapajani, kama aliyesahau kilichomleta. Aliwaona tena wale panya weupe na mikia yao mipya.

Halafu alisimama, akaenda jikoni.

"Naomi, mama, weka chombo chini. Nifuate."

*

Kituoni, Deogratias alifungua karatasi za maelezo ya onyo. Inspekta alimsomea Naomi haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kumwita ndugu au wakili. Naomi alisema hana wa kumwita.

Inspekta aliweka mezani ile karatasi yenye wino mwekundu.

"Soma."

"Dawa ya panya."

"Maana yake nini?"

"Sumu."

"Daktari Bonifas nilipomwonyesha, hakufikiria sumu. Kwenu dawa ya panya ni tunda. Wewe umefanya kazi pale miaka mitatu, na jana ulisoma kama anavyosoma polisi. Kwa nini?"

Naomi aliisukuma karatasi kando.

"Jumapili uliomba dawa ya kupe Mikumi. Mbuzi wa bibi. Bibi yupo?"

"Hayupo."

"Mbuzi?"

"Hawapo."

"Panya sita wenye wino mwekundu mkiani, nani aliwaweka?"

Naomi alitazama dirishani. Nje kulikuwa kumeanza kuadhiniwa magharibi. Inspekta Mwanne alingoja adhana iishe, ndipo akasema taratibu:

"Mama Mathayo."

Yule mwanamke alishtuka, akamgeukia, uso wote ukavunjika.

"Mimi fundi wa maabara, afande!" alipiga kelele. "Natazama damu yenye malaria kila siku! Darubini ilikuwa hatua mia kutoka kitandani kwa mwanangu, na sikumtoa hata tone moja. Bibi alisema tunda, nikampa tunda. Kwa kijiko, siku nne. Alikuwa akikunja uso, anasema, 'Mama, chungu.' Namwambia kunywa, baba, utapona. Siku ya nne akanyamaza."

Deogratias aliacha kuandika.

"Andika, sajenti," alisema inspekta. "Endelea, mama."

"Utafiti ulipofika kwenye lile tunda, nilimshukuru Mungu. Nikasema sasa nitajua. Panya wakipona, basi tunda ni dawa, na Mathayo siku zake zilikuwa zimefika, Mungu mwenyewe kamtaka. Siku ya kumi na mbili akafa panya wa kwanza wa B. Kesho yake wawili. Niliwaona wamekakamaa pale, nikaona kitanda cha mwanangu. Nikachukua mzima kwenye akiba, nikamweka. Nikasema ni mmoja tu. Wakaendelea kufa. Nikaendelea kuweka."

"Zabron aligundua."

"Alikuwa anawajua kwa sura, afande, kama watu. Ijumaa aliposhika mikia kurudia mistari, aliuona wino wangu, akauacha kama ulivyo, akaniita pembeni. Hakufoka. Alisema, 'Dada Naomi, hili tunda ni maji tu. Mwambie daktari mwenyewe, mimi nakupa mpaka Jumanne. Wasije watu wakawapa watoto wao.'" Akafuta uso kwa kanga. "Hayo mengine sikuyasikia. Nilisikia neno moja. Maji. Nikasema huyu ananiambia mwanangu nimemuua mimi. Na Jumanne atamwambia kila mtu."

"Ukaenda Mikumi."

"Nikaimba kwanza. Nilisimama kwenye kwaya, mkewe ameketi mbele yangu, nikaimba mpaka mwisho. Halafu nikaenda Mikumi."

"Alikubalije kunywa? Yeye ndiye aliyesema ni maji."

Naomi alikunja pindo la kanga yake.

"Alikuwa na homa. Jana yake, Jumatatu, nilimwambia, kaka, nisaidie jambo moja. Kunywa hili tunda mbele yangu mara moja tu, moyo wangu uridhike kwamba halimdhuru mtu, kesho nitamwambia daktari kila kitu. Akasema, 'Sawa dada, kama litakupunguzia.' Alfajiri nilimkuta anawalisha panya. Nikammiminia. Uchungu wa tunda unaficha kila kitu. Akanywa yote." Akatazama mikono yake. "Akakunja uso. Akaniambia, 'Chungu.'"

Sajenti Deogratias, mtu wa miaka kumi na nane kazini, aliinuka, akaenda kusimama mlangoni na kuwapa mgongo.

"Nilisikia sauti ya Mathayo," alisema Naomi. "Ndipo nikataka kumpokonya kikombe. Lakini kilikuwa kitupu. Nikabandika karatasi. Nilijua mtakavyoisoma. Nikarudishia mlango bila kufunga kwa ufunguo, nikaenda nyumbani kungoja saa mbili na nusu."

Alitia sahihi kila ukurasa kwa mwandiko mzuri, wa mtu aliyezoea kujaza fomu. Alipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Afande, wale panya wawili wa B waliobaki. Wale wa kweli. Bado wako hai?"

"Asubuhi walikuwa hai."

Naomi alifumba macho, na inspekta hakujua kama ni shukrani au ni adhabu.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Sajenti Deogratias alikuwa ameshafika Kisanga, kofia mkononi. Alisimama mbele ya ukoo mzima, akasema kwamba aliyetangaza kuwa Zabron kajiua ni yeye, na kwamba alikosea. Akaeleza kilichotokea. Wanawake wakapiga yowe. Shemeji mmoja aliyekuwa na sululu aliiacha ianguke. Kaburi la pembeni lilikuwa limeshafika kiunoni. Walilifukia, wakaanza kuchimba upya, haraka haraka, kando ya kaburi la baba yake.

Grace alikuwa ameambiwa usiku uliopita, na Inspekta Mwanne mwenyewe. Aliposikia jina la Naomi, aliinuka. Alikwenda uani akatapika uji wote. Kisha akarudi, akauliza, "Alikunywa kwa kumhurumia?"

"Kwa kumhurumia."

"Ndiye yeye," alisema Grace. "Ndiye mume wangu huyo."

Saa saba mwinjilisti alikuja na joho lake na kitabu. Alimwomba Grace msamaha mbele za watu, naye akaitikia kwa kichwa. Kwaya iliimba, pengo moja kwenye safu ya sauti ya pili, na jingine kwenye besi. Watoto watatu walisimama kaburini, mkubwa akiwa amevaa shati la bluu la baba yake, limemfika magotini. Inspekta Mwanne alisimama nyuma pamoja na Waislamu wengine wa Magomeni waliokuja kuzika, mtandio kichwani.

Mwinjilisti aliwaongoza watu katika sala wanayoijua wote. Sauti zilipanda pamoja, wazee kwa watoto. Zilipofika kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, inspekta aliinua macho.

Grace alikuwa amefunga mdomo. Alikuwa amenyooka, anautazama udongo, midomo yake imebanwa kabisa. Mwinjilisti alimwona, akapunguza sauti kidogo, kama anayempisha.

Grace hakupita. Sala ikaendelea bila yeye.